Kutoka Nanyuki hadi Il Ngwesi

Tulitoka Nanyuki alfajiri, Mlima Kenya ukiwa bado umejitanda ukungu, tukashika barabara ya Meru katikati ya mashamba ya ngano ambayo ukubwa wake ungemshangaza mkulima wa kwetu Kisii, aliyezoea kugawana urithi kwa hatua za miguu. Tulipoipita Timau, dereva alisimama juu ya daraja lisilo na mto. Chini yake hupita ndovu.

Njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2011, ni sehemu ya ushoroba unaounganisha msitu wa mlimani na ule wa Ngare Ndare, na wa kwanza kuitumia alikuwa dume aliyepewa jina la Tony. Nilingoja karibu saa nzima, nikaambulia kinyesi kikavu tu. Hata hivyo, kungoja kulinipa nafasi ya kutafakari jambo moja: ushoroba huo unakatiza mashamba binafsi ya Marania na Kisima, na laiti ardhi hiyo ingekuwa ya wenye ekari mbilimbili, wa kuombwa idhini wangekuwa mamia, na huenda ndovu wangekuwa wanangoja hadi leo.

Lewa, hifadhi ya wanyamapori iliyokuwa ranchi, tuliingia kwa mwaliko wa rafiki afanyaye kazi humo. Ukoo wa Craig ulifuga ng'ombe hapo tangu mwaka 1922. Mwaka 1983, wakati ujangili ulikuwa umewapunguza vifaru weusi wa Kenya kutoka takriban 20,000 hadi mamia machache, David Craig alikubali ekari 5,000 za ranchi zizungushiwe uzio kwa ajili ya vifaru, kazi iliyosukumwa na kugharimiwa na Anna Merz, mtetezi wa vifaru. Kufikia mwaka 1995 ranchi nzima ilikuwa hifadhi, na mwaka 2014 uzio kati yake na hifadhi jirani ya Borana uling'olewa. Niliwaona vifaru wawili wakilisha kwa utulivu, nami sina ubishi na kazi hiyo.

Ubishi wangu, kama ni ubishi, unahusu mwanzo wa umiliki wenyewe katika nyanda hizi. Kwa mkataba wa mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia kwenda kusini ili kuwapisha walowezi, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi yao ilitupwa. Wanaosifu ukarimu wa wenye ranchi huanza hadithi katikati.

Jioni tulifika Il Ngwesi, kaskazini ya Lewa, ambako Wamaasai wenyewe wanamiliki hifadhi na nyumba ya wageni iliyofunguliwa mwaka 1996. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga kando ya njia aliitikia salamu yangu, akaniuliza nilikotoka.

"Ranchini, mzee."

"Walikuandika langoni?"

"Ndiyo, jina na namba ya kitambulisho."

"Kiangazi," alisema huku akiwatazama ng'ombe wake, "na hawa pia huandikwa."