Nilivyogundua kuwa kadi yangu ya michoro haijafa

Kwa wiki tatu nzima nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba kadi yangu ya michoro, kile kifaa kinachochora picha za skrini, imekufa. Gemu la mbio za magari nililolicheza kwa miaka miwili kwa fremu 90 kwa sekunde, yaani picha 90 zinazochorwa kila sekunde, lilianza kuporomoka hadi 22, mara 24, likijitahidi sana 27. Na halikuwa likianza hivyo. Nikiwasha kompyuta na kuingia mchezoni, dakika kumi au kumi na tano za mwanzo zinakwenda vizuri kabisa. Halafu skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo, picha inarudi, na kuanzia hapo gari linakwenda kama linavutwa kutoka kwenye tope. Nikizima na kuwasha upya, napata nafuu, kisha yanajirudia yale yale.

Nasimulia kwa kirefu kwa sababu nilipoteza siku nyingi nikichokonoa mahali pasipo na ugonjwa, ilhali dalili iliyonifikisha kwenye ukweli ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Aliyeligundua tatizo kabla yangu ni mdogo wangu. Huwa tunashindana kupitia intaneti, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Siku moja akaniambia, "Kaka, gari lako linarukaruka. Leo mtandao wako mbovu."

Nilimwamini. Nikazima modemu nikaiwasha, nikabadilisha waya, nikasogeza kompyuta. Hakuna kilichobadilika, na sasa najua kwa nini. Mtandao ukiwa mbaya, magari ya wenzako ndiyo yanayoruka na kupotea kwenye skrini yako, lakini barabara, miti na mkono wako kwenye usukani hubaki laini. Tatizo likiwa la picha, kila kitu hukwama kwa pamoja, hata mshale wa kipanya kwenye menyu huburuta. Kipimo chake ni chepesi: cheza peke yako bila intaneti. Nilifanya hivyo siku ya nne na gemu likakwama vile vile. Laiti ningeanza na hapo.

Baada ya mtandao nikamshuku joto. Nilifungua boksi, nikapuliza vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kupoozea, nikaacha ubavu wa boksi wazi. Vumbi lilikuwepo kweli, na kulitoa si kazi ya bure, lakini siku ile halikuwa mkosaji. Nikashusha mipangilio ya michoro hadi chini kabisa, nikapata fremu 40 na kitu. Nikawa nacheza gemu lenye vivuli vya ajabu na miti kama makaratasi, nikijiambia kwamba ndiyo hali yenyewe, kadi imezeeka.

Siku niliyoacha kubahatisha ndiyo siku mambo yalipoanza kufunguka. Niliweka programu ya MSI Afterburner, ambayo huonyesha juu ya gemu lenyewe kadi inafanya nini kila sekunde: inatumika kwa asilimia ngapi, ina joto kiasi gani, inakwenda kwa megahezi ngapi (kipimo cha kasi yake), na kila fremu imechukua muda gani kuchorwa. Hiyo ya mwisho naithamini sana. Watu wengi huangalia wastani wa fremu tu, na wastani huficha mengi. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inapewa milisekunde 16.7 hivi. Fremu moja ikichukua milisekunde 120, jicho lako litauona mkwamo huo waziwazi, lakini wastani wa dakika nzima hautatikisika. Ukilalamika kwamba gemu linakata huku namba inasema 60, huenda huoti. Tazama mchoro wa muda wa fremu.

Basi nikacheza, nikasubiri ule weusi wa skrini. Ulipokuja na kuondoka, nikasimamisha gari kando ya barabara na kusoma namba moja moja. Matumizi ya kadi: asilimia 99. Joto: nyuzi 47. Kasi ya kadi: megahezi 400.

Nilizisoma mara tatu. Kadi inayofanya kazi kwa asilimia 99 haiwezi kuwa na nyuzi 47, si kwenye boksi langu. Kabla ya weusi ule ilikuwa na nyuzi 71 na megahezi zaidi ya 1,700. Mimi nilikuwa nahangaika na joto kumbe kadi ilikuwa imepoa kuliko inavyotakiwa! Ile asilimia 99 haisemi kadi inafanya kazi nyingi kiasi gani, inasema tu kwamba haina nafasi ya kupumzika kwa kasi iliyo nayo. Kadi yangu ilikuwa inakimbia kwa nguvu zake zote huku miguu imefungwa. Ilikwama kwenye kasi ya mapumziko, ile inayotumika ukiwa unasoma barua pepe, na haikuwa na namna ya kupanda tena mpaka niwashe kompyuta upya.

Jambo jingine likakaa sawa papo hapo. Kwa kuwa kushusha ubora wa picha kuliongeza fremu karibu mara mbili, foleni ilikuwa kwenye kadi na si kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Prosesa ingekuwa ndiyo kizuizi, kupunguza ukubwa wa picha kusingesaidia lolote la maana.

Swali likawa: nini hutokea kwenye ule weusi? Mfumo endeshi, kwangu Windows, huweka daftari la matukio, na watu wachache hulifungua. Nililifungua, nikachuja maonyo na makosa ya mfumo, nikakuta tukio namba 4101 limejipanga mstari baada ya mstari, likisema draiva ya skrini, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi, iliacha kujibu kisha ikarejea. Saa za matukio zilifanana na saa nilizoandika pembeni kwa kalamu kila skrini ilipozima. Maelezo yake ni haya: mfumo ukiipa kadi kazi na kusubiri, kwa kawaida sekunde 2, bila kupata jibu, huhesabu kwamba imeganda. Badala ya kuiacha kompyuta nzima ife, huiangusha draiva na kuisimamisha upya. Huo ni uokozi, na ni jambo jema. Ila kadi yangu kila ikiokolewa ilirudi ikiwa imeganda kwenye kasi ya chini.

Hapa ndipo hofu iliponirudia, maana draiva kuanguka kunaweza kuletwa na draiva yenyewe, au umeme usiotosha, au kadi inayokufa kweli. Nilikuwa sijawahi kuipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani, hilo nilijua. Nyaya za umeme nilizichomoa na kuzikaza upya. Kuhusu kadi, nilimwomba mdogo wangu tuichomeke kwenye kompyuta yake jioni moja. Alikubali, ingawa alinionya, "Kaka, ukiniharibia, unanipa ya kwako." Tukacheza zamu kwa zamu karibu saa tatu, kwa ubora wa juu kabisa. Haikuzima hata mara moja. Megahezi zilikaa palepale juu. Sina maneno ya kueleza nafuu niliyoisikia. Nilikuwa tayari nimeanza kuweka fedha pembeni kwa ajili ya kadi nyingine.

Kadi ikawa safi. Imebaki draiva. Niliporudi nyumbani nilifungua orodha ya vifaa vya kompyuta na kutazama tarehe ya draiva. Ilikuwa ya zamani kuliko ile niliyoisakinisha mimi mwenyewe, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sikuwa nimeirudisha nyuma. Nikaenda kwenye historia ya masasisho, na ndani yake nikaikuta: mfumo ulikuwa umejiletea draiva ya skrini wenyewe usiku, wiki ile ile matatizo yalipoanza. Juu yake zilikuwa zimebaki sehemu za draiva yangu mpya, na juu ya zote, masalia ya kadi niliyokuwa nayo zamani, ya kampuni nyingine, ambayo draiva yake sikuwahi kuiondoa kikamilifu.

Nilifanya kosa ambalo naamini wengi hulifanya: nilipakua draiva mpya na kuisakinisha juu ya ile iliyopo. Siku mbili zikaenda vizuri, nikamtangazia mdogo wangu ushindi. Siku ya tatu skrini ikawa nyeusi tena. Nilipotazama tarehe, ile ya zamani ilikuwa imerudi mahali pake.

Kilichomaliza kazi ni kusafisha kila kitu, na mpangilio wa hatua ndio siri yake. Kwanza nilipakua draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, pamoja na programu iitwayo Display Driver Uninstaller, ambayo wengi huiita DDU, nikaviweka kwenye diski. Kisha nikachomoa waya wa intaneti. Hatua hii usiiruke: ukiwa umeunganishwa, mfumo unaweza kukimbilia kuleta draiva yake dakika ile ile unapoondoa ya kwako. Halafu nikaiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo hupakiwa vitu vya lazima tu, nikaendesha DDU mara mbili, mara moja kwa kadi ya sasa na mara moja kwa masalia ya kampuni ya zamani. Kama diski yako imefungwa kwa usimbaji, hakikisha una ufunguo wake wa dharura umeandikwa mahali kabla hujagusa hali salama, kwa sababu huenda ukaulizwa.

Kompyuta ilipowaka kawaida, picha ilikuwa kubwa na mbaya, maandishi yamevimba. Usishtuke ukiiona hali hiyo. Mfumo unatumia draiva ya msingi isiyojua chochote kuhusu kadi yako. Nikasakinisha draiva, bila vikorombwezo vinavyokuja nayo, nikawasha upya, nikazima ruhusa ya mfumo kujiletea draiva za vifaa, ndipo nikarudisha waya wa intaneti.

Nikafungua gemu. Likakatakata.

Nakiri kwamba kwa dakika chache nilikata tamaa. Kisha nikatazama namba: megahezi 1,740, joto linapanda, hakuna weusi. Mikwamo ilikuwa mifupi, na ilikuja kila nilipofika mahali papya pa barabara au mvua ilipoanza. Hizo zilikuwa sheda, yaani programu ndogondogo zinazoiambia kadi namna ya kupaka mwanga, kivuli na maji. Lazima zitafsiriwe kwa lugha ya kadi na draiva husika, na tafsiri huwekwa akiba ili kazi isirudiwe. Ukibadilisha draiva, akiba ya zamani haifai tena, gemu linaanza kutafsiri upya huku unacheza. Nilizunguka kila barabara kwa nusu saa hivi na mikwamo ikaisha. Nina hakika wapo watu wanaoiondoa draiva nzuri katika nusu saa hiyo wakidhani imeharibika.

Sikubaki hata na toleo jipya kuliko yote. Lilikuwa sawa kwenye mbio za magari, lakini kwenye gemu jingine lilinipa mimweko kwenye maji, kwa hiyo nikarudi toleo moja nyuma na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Ushauri wa "sasisha tu draiva" hunikera kidogo, kwa sababu toleo jipya hutengenezwa mara nyingi kwa ajili ya magemu mapya, na kama gemu lako ni la miaka mitatu iliyopita huenda usipate kitu zaidi ya usumbufu. Kwa wenye laptopu zenye kadi mbili ningesema kwanza waangalie gemu linatumia kadi ipi, maana nimeona likichagua ile dhaifu ya ndani ya prosesa na mwenyewe analaumu draiva.

Faili la draiva ninayoitumia nimelihifadhi kwenye diski ya nje pamoja na DDU. Kando yake nimeweka maandishi mafupi yenye namba ya toleo, tarehe niliyoisakinisha, na namba tatu za kadi ikiwa na afya: asilimia 97, nyuzi 70, megahezi 1,740. Mara moja kwa mwezi nafungua orodha ya vifaa kuangalia kama tarehe ya draiva bado ni ile ile.

Jioni ya siku niliyosafisha draiva tulishindana mizunguko kumi. Mdogo wangu alinishinda saba. Kwenye mzunguko wa mwisho akasema, "Leo umetulia barabarani, kaka," na namba kwenye kona ya skrini ilikuwa 91.