Darubini washatulipia, hela ya kumsomesha dogo ndo hamna

Dola bilioni 10. Hiyo ndo bei ya darubini ya anga ya James Webb, na kila nikiweka picha yake status lazima atokee mtu wa kunirukia, safari hii alikuwa shemeji yangu wa Sengerema, kaandika kwa herufi kubwa HELA YOTE HIYO KUPIGA PICHA NYOTA, WATU HAWANA MAJI??? Swali halali, sitalikwepa. Kwa hela yetu ya Tanzania ni zaidi ya trilioni 20, na bajeti nzima ya serikali yetu ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49 na ushee, kwa hiyo chukua karibu nusu ya matumizi ya nchi kwa mwaka, ifunge kwenye roketi moja, rusha. Inatisha, nakubali.

Ila hela yenyewe haikutoka siku moja, walianza kuipangia miaka ya 90, ikarushwa 25 Desemba 2021, Krismasi kabisa, na waliochanga ni Marekani, Ulaya na Canada. NASA yote, hilo shirika la anga la Marekani, kwa mwaka inapata kama dola bilioni 25, haifiki hata asilimia moja ya bajeti ya serikali yao, na humo humo kuna wanaanga, kuna maroketi, kuna setilaiti za kupima hali ya hewa na usawa wa maji wa maziwa likiwemo letu hili la Victoria, darubini ni kipande tu. Na tuambizane ukweli shemeji, hiyo hela wasingeijenga Webb isingekuja kuchimba kisima Sengerema.

Mimi kazi yangu ni taa. Nauza taa za sola na betri kwa watu wa dagaa huku Kirumba, kwa hiyo kalenda yangu ni ya mwezi, siku za giza nachangamka, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika na mimi ndo napata muda wa kukaa na simu kusoma mambo haya. Na mtu wa dagaa humfundishi kwa nini Webb ilipelekwa mbali vile. Ukiwa ziwani taa yako inakuwakia usoni, taa za wenzako kule upande wa Ukerewe huzioni mpaka uizime ya kwako. Webb inatafuta infraredi, huu mwanga wa joto usioonekana kwa macho, na kila chenye joto kinautoa, jua linatoa, dunia inatoa, hata darubini yenyewe inatoa. Huku chini ndo kabisa, mvuke wa maji hewani unameza sehemu kubwa ya mwanga huo kabla haujakufikia, na sisi wa kandokando ya ziwa mvuke tunao wa kugawa.

Ndo maana ipo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, imejikinga nyuma ya ngao ya tabaka tano yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, na nne kati ya hizo tabaka zina unene wa milimita 0.025. Upande mmoja unachomwa na jua, upande wa pili kuna kifaa kinapozwa mpaka chini ya nyuzi 266 chini ya sifuri. Kioo kina upana wa mita 6.5, roketi yenye tumbo la kukimeza haikuwepo, kwa hiyo wakakigawa vipande 18 vya madini ya beriliamu, wakakikunja, kikaenda kukunjuliwa huko huko. Vipande vyote vimepakwa dhahabu, na watu wa Geita msianze kupiga hesabu, yote kwa pamoja ni kama gramu 48.

Sasa hapo kwenye kukunjua ndo bilioni zimelala. Kulikuwa na sehemu 344 ambazo moja tu ikigoma, kazi imekwisha, na huko hakuna fundi wa kufuata. Kwa hiyo unajaribu, unafungua, unajaribu tena. 2018 walipoitikisa kwenye majaribio, skrubu na washa za kifuniko cha ngao zikaachia zikadondoka, ikabidi wasimame wachunguze. Ukiisoma juu juu unasema uzembe huo wanakula hela tu, lakini mimi ninayebeba taa ya mteja kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji kabla sijampa nawaelewa kabisa, bora skrubu idondoke mezani kwako.

Na ilibaki kidogo tusiione. 2011 kamati ya bajeti ya bunge lao ilipitisha kwamba mradi ufutwe, sehemu kubwa ya kioo ishachongwa na hela ishaliwa, wakavutana wee mpaka mwisho wa mwaka ndo ukapona kwa kuwekewa kikomo cha bilioni 8 za kuitengeneza, nacho baadaye kikapitwa. Hubble, darubini ya anga iliyoitangulia Webb, nayo yalishaikuta. Ilirushwa Aprili 1990, picha za kwanza zikaja na ukungu, kumbe kile kifaa cha kupimia kioo kiwandani lenzi yake ilikaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3, kioo kikachongwa vibaya, ukingo umezidi kuwa bapa kwa kama milimita 0.002, unywele wako ni mnene kuliko hapo mara nyingi tu. Ikawa kichekesho cha dunia. Wangesema basi tuachane nayo, nani angewalaumu? Desemba 1993 wakapanda wanaanga kwa chombo cha Endeavour, wakaifungia vifaa vya kusahihisha, na mpaka miaka ya 2020 ilikuwa bado inapiga mzigo.

Hapo ndo mi nina tatizo na hii tabia ya kukata hela katikati. Darubini ya anga ukiijenga nusu hujaokoa nusu ya hela, umepoteza yote, na mafundi waliojua kuchonga kile kioo wanatawanyika kila mtu na lwake. 2025 Ikulu ya Marekani ikaja na pendekezo la kukata bajeti ya sayansi ya NASA karibu nusu, kutoka kama bilioni 7.3 mpaka chini ya 4. Wenyewe wanaijua faida yake na bado inabidi waitetee kila mwaka, sembuse sisi.

Wapo wanaoitetea kwa kusema oh kamera ya simu yako imetoka huko. Ni kweli, ile aina ya sensa ya picha iliyoko kwenye simu nyingi aliiendeleza Eric Fossum na wenzake kwenye maabara ya NASA ya JPL miaka ya 90 wakitafuta kamera ndogo za vyombo vya anga. Ila hoja hiyo siipendi sana, maana inakuwa kama nyota zenyewe hazina thamani mpaka zikuletee selfi.

Turudi kwetu, maana tunajifanya wageni wa haya mambo na siyo kweli. Setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani ilirushwa Afrika Mashariki hii hii, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa vile Kenya walikuwa kwenye sherehe yao wakaiita Uhuru. Kilo 140 hivi tu. Pale walipapendea ikweta, dunia inavyozunguka inaipa roketi msukumo wa bure, na ukitazama ramani Malindi na Mwanza hazipishani sana kusini ya huo mstari. Hako kadude ndo kalikofanya watu waikodolee macho Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani, ambayo ilikuja kukubalika kuwa ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapewa Nobel 2002. Hesabu hapo, miaka 32. Mwanasiasa wa uchaguzi wa kila miaka mitano umwambie asubiri miaka 32, atakuona una homa.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, na shemeji soma hapa vizuri. Vipimo vya Webb vinawekwa wazi kwa watu wote, vingine papo hapo, vingine baada ya mwaka mmoja hivi, unashusha bure. Na muda wa kuitumia darubini yenyewe hauuzwi, unaombwa, mtu wa nchi yoyote anaandika ombi, na wanaopitia maombi hawaonyeshwi jina lako wala chuo chako, wanasoma wazo tu. Foleni ni ndefu, raundi ya nne yalipelekwa maombi zaidi ya 2,300 na wengi walikosa, lakini mlango upo.

Kuna dogo wa Nyakato ana digrii ya fizikia, anafundisha tuisheni mchana, usiku bando likishuka bei anashusha data. Siku moja alikuja dukani kuchaji laptop, akaniwekea juu ya kaunta kati ya betri na waya, akanionyesha grafu ya sayari inaitwa WASP-39b, iko kama miaka ya mwanga 700 kutoka hapa. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo wa nyota unapenya kwenye hewa ya ile sayari, na kila gesi inameza rangi yake. Akaweka kidole kwenye namba 4.3, ndo kipimo cha rangi ya infraredi, pale mstari wa mwanga uliomezwa unainuka kilima kabisa, akasema kaka hiyo ni kaboni dioksaidi. Kilima hicho watafiti wa Webb walishakitangaza 2022, yeye alichofanya ni kushusha vile vipimo na kukitoa mwenyewe kwa programu aliyoiandika. Hapa Kirumba, harufu ya dagaa inaingia mlangoni, mtu ananionyesha hewa ya sayari ya jua lingine! Mteja wangu aliyekuwa anasubiri chaja akauliza kama kuna maji huko, dogo akamwambia upo mvuke, ila kuna joto la kukuivisha.

Huyo dogo aliomba masters nje, wakamkubali, ufadhili ukakosekana, basi. Ada, nauli, chumba, chakula, hicho ndo kinachotutenga na darubini ya bilioni 10, siyo bilioni zenyewe.

Wenzetu wameliona hili mapema. Ghana walikuwa na dishi la simu la mita 32 pale Kuntunse lililobaki halina kazi, wakaligeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa 2017, na vijana wao wanajifunzia pale. Kwenye ule mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA, upande wa Afrika Kusini, washirika wa Afrika ni Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Angalia hiyo orodha, majirani zetu watatu wamo, sisi hatumo, na sijasikia mbunge hata mmoja akiuliza kwa nini.

Na inayofuata haiko mbali. Darubini ya Nancy Grace Roman imepangwa kurushwa si zaidi ya Mei 2027, kioo chake cha mita 2.4 walipewa na idara ya ujasusi ya Marekani iliyokuwa nacho cha ziada, kinalingana na cha Hubble ila picha moja itafunika eneo la anga zaidi ya mara 100. Itateremsha data kama terabaiti 1.4 kwa siku, na yenyewe hata ule mwaka mmoja wa kusubiri hamna, ikishachakatwa ni ya kila mtu. Ufadhili wa dogo mmoja, bando la kueleweka na kompyuta ya kuhimili mzigo huo, halmashauri ikiamua inaweza. Shemeji na wewe ukiamua kuchangia, namba yangu unayo.