Siku moja maishani mwangu: kuandikia watu River Road

Saa 11:20 alfajiri

Simu imelia kabla ya kengele. Ujumbe wa mteja:

"Xaxa madam. Mjomba atakuja. Print 2."

Mteja huyu amefiwa na baba yake. Jana jioni tulimaliza kupanga kijitabu cha mazishi, kurasa 8, nakala 150, ila mstari mmoja wa ratiba ulibaki wazi: nani atatoa shukrani kwa niaba ya familia. Mjomba wa marehemu akiweza kufika kutoka Mombasa, ni yeye. Asipoweza, ni shangazi wa marehemu. Aliahidi kunijulisha mapema kwa sababu basi la kusindikiza mwili linaondoka Nairobi saa 2 usiku wa leo.

Nimekaa kitandani nikausoma mara tatu. "Print 2" inaweza kuwa nakala mbili za kuangalia kwanza, au inaweza kuwa "print tu", yaani endelea na kazi. Kwa Kiingereza namba 2 hutamkwa "tu", ndipo mtu akawa m2 na watu wakawa wa2. Nimempigia. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Usiku wa matanga watu wengi wanagombania chaja moja, naelewa.

Saa 12:15 asubuhi

Matatu kutoka Umoja imekwama Jogoo Road kama kila siku, na mimi bado naiwaza ile 2.

Sina ugomvi na kufupisha maneno. Tulipokuwa chuoni sote tuliandika hivyo, na tulikuwa na sababu: ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa, na ukipitisha hata moja unalipia ujumbe wa pili. "Cjui" na "2ko njiani" zilizaliwa na uhaba wa kredo. Ninachoshindwa kukielewa ni "xaxa". Ihesabu: herufi nne. "Sasa" nayo herufi nne. Hakuna kilichookolewa, na anayesoma ameongezewa kazi. Siku hizi tunaandikiana kwa bando, hakuna anayehesabu herufi, lakini mazoea yamebaki, tena yametoka kwa marafiki yakaingia mahali yasipostahili. Juma lililopita kijana mwenye diploma alinipa barua ya kuomba kazi nimchapie. Ilisema "cna uzoefu ila niko tayari ku2mwa popote". Niliumia, maana maneno yale yalikuwa mazuri na ya kweli, na hakuna mwajiri ambaye angeyafikia. Tulikaa tukaiandika upya pamoja. Hakuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba barua si gumzo.

Na Sheng isitiwe kapu moja na haya. Sheng ina utaratibu wake, na mtu wa Nairobi akiniambia "ako job" najua yuko wapi.

Saa 1:30 asubuhi

Saiba yetu, duka la kompyuta na uchapaji, iko ghorofa ya kwanza kwenye kichochoro kinachotoka River Road, katikati ya wachapaji wa kadi za harusi na mabango. Kompyuta 6, printa 2, mashine ya kulamineti, na benchi ambalo halikosi mtu. Nafanya kazi na binti wa miaka 21 anayeniita anti.

"Anti, umeona kitambulisho yangu?"

"Kitambulisho changu. Umekiona?"

Anacheka, anarudia. Mlango ukishafunguliwa simsahihishi tena. Kumsahihisha mtu mbele ya wateja ni kumvua nguo, hata kama kosa ni la kweli.

Kompyuta zenyewe hazitusaidii. Ukichapa ukurasa wa Kiswahili, wote unapigiwa mistari myekundu, kana kwamba lugha nzima ni kosa. Hapo ndipo kosa la kweli linapojificha: "tafathali" ina mstari mwekundu, na "tafadhali" iliyo sahihi ina mstari uleule. Jicho linachoka, linaacha kuangalia. Simu yangu nayo hugeuza "hata" kuwa "hats" nisipoizuia. Kwa hiyo mimi husoma kila ukurasa kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno. Wengine kwenye benchi hunishangaa.

Saa 3

Kijana amekuja na kitambulisho na cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwenye kitambulisho yeye ni Mohamed. Kwenye cheti ni Mohammed. Kazi ameipata, ila mwajiri anataka majina yalingane. Kosa lilitoka kwenye orodha ya shule miaka mingi iliyopita, mtu aliandika kwa kukisia badala ya kumuuliza mwenye jina. Sasa inabidi aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja, na kiapo hakiandikwi bure. Nimemchapia hati, tumekagua jina pamoja herufi kwa herufi, akitaja yeye, nikichapa mimi. M mbili zile zinamgharimu siku nzima ya kuzunguka mjini.

Majina ndiyo kazi yangu ninayoiogopa kuliko zote. Nekesa si Nakesa. Muthoni si Mudhoni. Mtu amepewa jina la nyanya yake, wewe unalibadilisha kwa kuwa una haraka!

Saa 4:15

Nimempigia mteja wa kijitabu mara tano, bado hapatikani. Kukunja na kupiga stepla nakala 150 kunachukua saa kadhaa, siwezi kungoja zaidi. Ujumbe unasema atakuja. Nimeandika: "Shukrani: Mjomba wa marehemu." Ile 2 nimeisoma "tu". Printa imeanza.

Saa 5

Shosho mmoja ameletwa na mjukuu wake. Anataka barua kwa chifu kuhusu jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Mjukuu alishaiandika kwa mkono, na imeandikwa kwa bidii, lakini katikati inasema: "shamba hili lina dhamana kubwa."

Nimesimama hapo. Alitaka kusema thamani. Dhamana ni kile mtu anachoweka ili akopeshwe, au anachotoa mahakamani ili aachiliwe. Mtu mwingine akiisoma barua hii anaweza kudhani shamba la shosho limeshikiliwa kwa mkopo, na jirani anayetafuta tundu la kupenya angelipata pale pale. Nimemweleza shosho. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika vile inafaa, mama." Tumeandika thamani.

Mjukuu ameuliza kama haingekuwa bora barua iwe kwa Kiingereza ili izingatiwe. Nimemwambia Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ofisi ya serikali haina haki ya kuidharau barua kwa sababu ya lugha hiyo. Lakini iwe barua iliyonyooka. Shosho ametia sahihi polepole, jina lote.

Chakula cha mchana, githeri, nimekula nimesimama.

Saa 8:40 mchana

Mteja amefika, macho mekundu, simu mkononi ikiwa imezimika. Nimempa kijitabu. Ameitazama picha ya baba yake kwenye jalada kwa muda, amefunua, amesoma ratiba, kisha amenyanyua uso.

"Madam, si nilikuambia mjomba hatakuja? Amelazwa."

Nimechaji simu yake, tumefungua ujumbe, tumeusoma pamoja. Atakuja. Yeye aliandika kama anavyotamka. Hiki ndicho kitu ninachojaribu kuwaambia watu: ukimsema mtu mmoja, kwenye "ana" na kwenye wakati ujao, Kiswahili kimeweka kukanusha kote kwenye herufi moja. Ana, hana. Atakuja, hatakuja. Atalipa, hatalipa. Ukiidondosha h, hujaandika neno lenye kasoro ambalo msomaji atalishuku. Umeandika neno kamili, safi, lenye maana iliyo kinyume kabisa na yako. Wengi wetu Nairobi tunaidondosha tunapozungumza, na mdomoni haileti madhara, kwa sababu uso na sauti vinasema yaliyobaki. Kwenye simu hakuna uso.

Ameanza kulia. Nimemwambia kosa ni letu sote wawili, mimi sikupaswa kuanza kabla ya kumsikia.

Ratiba iko ukurasa wa 2, nyuma ya jalada, kwenye karatasi ileile yenye picha ya rangi. Kwa hiyo hatukuweza kubadilisha karatasi ya ndani tu. Tumeng'oa pini nakala zote 150, tumechapa upya majalada 150, tumekunja tena, tumepiga stepla tena. Bila kuambiwa, shosho, aliyekuwa bado anamngoja mjukuu arudi, amesogea mezani akaanza kukunja. Karatasi nimelipia mimi, wino amelipia yeye. Kabla ya printa kuanza nimemfanya asome kwa sauti: "Shukrani: Shangazi wa marehemu." Amesoma mara mbili.

Saa 11:25 jioni ametoka na katoni.

Saa 3:10 usiku

Nimefika nyumbani, mtoto ameshalala, chai iko kwenye jiko. Ujumbe umeingia kutoka kwa dadangu kijijini, anayemtunza mama. Mama hunywa dawa za presha kila siku.

"Mama ana dawa. Usiku mwema."

Siku nyingine ningejibu "sawa" nikalala. Dadangu huidondosha h tangu tukiwa watoto. Nimempigia.

"Umesema mama ana, au hana?"

"Hana. Ziliisha jana."

Nimemuuliza ni shilingi ngapi.