Mpwa wangu kapewa jina

Alhamdulillah, leo tumefanya akika, yaani sherehe ya Kiislamu ya kuchinja, kumnyoa na kumpa mtoto jina, ya mtoto wa dada yangu hapa Eastleigh, Nairobi. Bibi yake kamnyoa mwenyewe, taratibu, vinywele vikidondoka kwenye kitambaa cheupe. Kaitwa Muhammad, mwenye kusifiwa sana. Ahmad, Mahmud na Hamid yote yanatoka mzizi huo huo wa Kiarabu.

Na lilivyoenea! Mwaka 2023 liliongoza kwa watoto wa kiume waliozaliwa Uingereza na Wales. Hapa mtaani ukiita "Mohamed!" wanageuka watu kibao, ndiyo maana Wasomali huongeza la utani: Dheere kwa aliye mrefu, Yare kwa mdogo. Wapo wanaosema tungetafuta jina lisilo la kila mtu. Mimi nalipenda kwa wingi wake huo huo. Mola amkuze kijana wetu. Karibuni mumwone, pilau bado ipo.