Karatasi tano, maswali tofauti

Barazani, kahawa ikishamiminwa, ubishi huwa ule ule: tuchague mtu au tuchague sera? Kwa Zanzibar suala hili halina jibu moja, maana siku ya kura hupewi karatasi moja. Unapewa tano: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya Rais wa Zanzibar, ya Mbunge, ya Mwakilishi na ya Diwani. Kazi tano mbalimbali, na wengi wetu tunazipigia zote kwa kipimo kimoja. Hapo ndipo tunapojipunja.

Kwanza jua nani anakwenda wapi. Mbunge anakwenda Dodoma, Mwakilishi anakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977: ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, forodha, kodi ya mapato na mengineyo, jumla 22. Hospitali, maji, ardhi, kilimo na skuli za watoto wetu ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Basi mgombea ubunge akipanda jukwaani Konde akaahidi kupandisha bei ya karafuu, ameahidi jambo lisilofika mezani kwake. Karafuu inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la SMZ, na wa kulibana ni Mwakilishi. Mgombea ubunge muulize habari za bidhaa kulipiwa ushuru mara mbili zikivuka kwenda Bara, au vitambulisho vya taifa na pasi za kusafiria. Akikujibu kwa habari za kisima, hajui anakoomba kwenda.

Sheha, mkuu wa shehia, naye hayumo katika karatasi yoyote. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa hiyo hasira za shehia usimtwike Diwani.

Kwa Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar na Mbunge, mimi naweka sera mbele ya mtu. Sheria zetu hazina mgombea binafsi. Lazima udhaminiwe na chama, na Mbunge akivuliwa uanachama kiti kinakwenda. Awe mpole, awe msomi, awe jirani yako, siku chama kikitoa msimamo atapima mara mbili kabla ya kwenda kinyume. Kwa hiyo isome ilani, na uisome pamoja na ile ya miaka mitano nyuma. Ahadi iliyorudi kwa maneno yale yale ina maana mbili tu: haikutekelezwa, au hakuna aliyeisimamia.

Diwani ni kinyume chake. Takataka, soko na mitaro ya wadi yako havina itikadi. Hapo tazama mtu: anapokea simu? Huonekana kwenye vikao vya shehia wakati si wa kampeni?

Mwakilishi yuko katikati, na ndiye anayetaka kazi zaidi. Chukua ahadi ya maji, maana haikosekani kwenye mkutano wowote. Mgombea akisema "nitawaletea kisima", usipige makofi bado. Muulize kitachimbwa wapi. Ukanda wa mawe karibu na pwani, kisima kikivutwa kupita kiasi maji ya chumvi hupanda, na baada ya muda watu wanarudi kwenye ndoo. Muulize pampu itapata umeme kutoka laini ipi na bili ya ZECO, shirika la umeme, italipwa na nani. Tangi jipya lililokauka mara nyingi halikukosa maji, limekosa umeme au fundi. Kisha muulize fedha zitatoka wapi: mfuko wa jimbo, au bajeti ya wizara inayosimamia ZAWA, mamlaka ya maji? Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi kabla ya hapo. Anayejua tofauti hizo anaweza kukusaidia. Anayejibu "tutashughulikia" hajalifikiria.

Kanga, mchele na fulana pokea au usipokee, lakini usivihesabu kama jibu. Havielezi lolote kuhusu maji.

Liko jengine linalowavunja watu moyo: "Wangu hashindi, kura yangu itapotea." Si lazima. Tangu mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, chama kilichoshika nafasi ya pili kwenye urais kikifikisha asilimia 10 ya kura ndicho kinachotoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri hugawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza. Bungeni nako, viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge nchi nzima. Mgombea wako akianguka jimboni, kura yake bado imo katika hesabu hiyo.

Usiku wa kuamkia uchaguzi andika majina matano kwenye kikaratasi, na mbele ya kila jina sababu moja. Ukikosa sababu, hujamchagua, umemzoea. Kituoni, hakikisha kila karatasi ina muhuri, weka alama ya vema ndani ya kisanduku kimoja tu, usiandike jina lako wala usitie sahihi. Alama ikikaa juu ya mstari baina ya wagombea wawili huzua ubishi wakati wa kuhesabu. Ukikosea, usiitumbukize: mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyengine.