Nilivyotia chembe za silika kwenye utando wa Nafion

Nafion ni plastiki (polima) yenye vikundi vya asidi, na utando wake ndio unaopitisha protoni, chembe chanya za hidrojeni, ndani ya seli ya hidrojeni inayozalisha umeme. Ukilowa vizuri mpitisho wake ni takriban siemensi 0.1 kwa sentimita kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Shida huanza joto likipita 100: usipoongeza mgandamizo maji huvukiza, na protoni hukosa njia. Lakini huko kwenye joto kali ndiko seli ya hidrojeni ingefaidika, kwa sababu kwenye nyuzi 80 kaboni monoksaidi kidogo tu ndani ya hidrojeni hutosha kuziba platini ya elektrodi, ile inayochochea mmenyuko. Silika inasaidia kwa kuwa uso wake umejaa hidroksili (vikundi vya oksijeni na hidrojeni) zinazong'ang'ania maji.

Natumia silika laini inayotengenezwa kwa mwali wa moto, chembe zake nanomita 7 hadi 14, kwa asilimia 3 ya uzito mkavu. Ukifika asilimia 10 utando huwa mgumu, ukiukunja unakatika, na chembe zisizopitisha protoni zimeshakula nafasi ya polima.

Hesabu hufanywa kabla ya kugusa chupa. Sahani ya kioo yenye kipenyo cha sm 9 ina eneo la sm² 63.6. Kwa unene wa mikromita 50, na densiti ya Nafion kavu ikiwa karibu gramu 2 kwa sm³, zinahitajika gramu 0.636 za vitu vikavu: silika 0.019 na Nafion 0.617, ambayo ni gramu 12.3 za Nafion ya kimiminika ya asilimia 5.

Nafion hiyo ya chupa imechanganywa na maji na alkoholi, navyo hukauka haraka mno na kuacha utando wenye nyufa kama tope la kiangazi. Naongeza mililita 12 za dimethili sulfoksaidi, kiyeyushi kinachokauka polepole, nakoroga kwenye nyuzi 60 ndani ya kabati la kuvuta mvuke mpaka ujazo urudi karibu mililita 12. Wengi hutumia dimethili fomamaidi. Mimi naikwepa: ni sumu kwa ini, na ikipata joto hutoa amini inayojifunga kwenye vikundi vya asidi, ukaja kupima utando ambao sehemu ya asidi yake imezimwa. Vaa glavu hata kwa sulfoksaidi, maana hupenya ngozi na kubeba vilivyomo.

Kazi yenyewe iko kwenye kutawanya silika. Usimwage unga mkavu kwenye polima. Utapata madonge ambayo hakuna kukoroga kutakayoyavunja. Naiweka kwanza kwenye mililita 3 za sulfoksaidi, kisha kwenye beseni la ultrasoniki (la mawimbi ya sauti) lenye maji ya nyuzi 25 hivi kwa dakika 30, si ya barafu kwa kuwa sulfoksaidi huganda kwenye nyuzi 18.5, ndipo naidondoshea kwenye polima tone kwa tone huku nikikoroga, na kurudisha yote kwenye ultrasoniki. Shika bika mbele ya taa: ukungu wa samawati unaolingana ni sawa, vidoa vyeupe maana yake rudia. Viputo vya hewa vitolewe kwa vakyumu kabla ya kumimina, vinginevyo kila kiputo ni tundu la hidrojeni kupita.

Sahani ikae sawasawa, pima kwa pimamaji ndani ya tanuri. Nyuzi 80 usiku kucha, halafu 130 kwa saa 2. Hatua hii ya pili hairukwi: bila kupita joto ambalo polima inalegea, utando hubaki dhaifu na hupasuka ukiloweshwa. Kuubandua, mimina maji yaliyokenekwa na usubiri uelee wenyewe. Kisu hapa ni adui. Kisha chemsha saa moja moja: hidrojeni peroksidi asilimia 3, maji, asidi ya salfuriki mola 0.5 kwa lita, maji tena.

Kipimo cha kwanza ni asidi. Loweka kipande kikavu cha gramu 0.2 kwenye kloridi ya sodiamu mola 1 kwa saa 24, kisha titresha, yaani pima ni mililita ngapi za sodiamu hidroksaidi mola 0.01 zinazozima asidi iliyotoka. Mililita zikizunguka 18 asidi iko hai. Zikiwa 12, rudia kuchemsha kwenye asidi.

Linganisha na utando usio na silika uliomimina mwenyewe siku hiyohiyo, kwenye sahani ya aina ileile. Kulinganisha na utando wa dukani ni kujidanganya, kwani umetengenezwa kwa njia nyingine na unene wake si huohuo. Na usishangae kwenye nyuzi 80 na unyevu kamili silika ikikupunguzia mpitisho kidogo. Faida itafute kwenye 110 na unyevu wa asilimia 50.

Anayetaka zaidi huipa silika vikundi vya asidi ya sulfoniki kwa kuibandika silani (kiungo chenye silikoni) yenye merkapto, kikundi cha salfa na hidrojeni, na kuioksidisha kwa peroksidi. Ioshe mpaka harufu iishe kabisa kabla haijakaribia elektrodi, kwa sababu salfa ya merkapto iliyobaki huua platini.