Mapezi ya beta yanapochanika

Ninapoona pezi la beta wangu, samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu, limechanika, kwanza hutazama ukingo wa jeraha, kwa kuwa pezi lililonaswa na mmea wa plastiki huwa na mpasuko safi, ilhali lililoshambuliwa na bakteria huliwa polepole kutoka pembeni na kuacha ukingo mweusi au mwekundu. Mapambo yote ya tangi huyapitishia soksi nyembamba ya nailoni, na lolote linaloikwaruza huondolewa mara moja.

Kwa mpasuko wa kawaida maji safi ndiyo dawa, na sioni sababu ya kukimbilia antibiotiki. Hubadilisha takriban robo ya maji kila baada ya siku chache, nikitumia maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto sawa na la tangi, yaani kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, kwa sababu baridi humdhoofishia kinga. Amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zote zinapaswa kuwa sifuri. Mkondo wa kichujio nao hupunguzwa, maana mapezi marefu yakisukumwa na maji humchosha samaki aliyejeruhiwa.

Dalili inayonifurahisha kuliko zote ni utando mwembamba usio na rangi unaochomoza ukingoni, ambao huonekana vizuri taa ikimulika kwa ubavu. Wengi hudhani ni ugonjwa, kumbe ndilo pezi jipya. Rangi hufuata baadaye, na pengine isifanane na ya awali. Uozo ukikaribia mwili, hata hivyo, daktari wa mifugo anahitajika bila kuchelewa.